Siku Mivinje Inaponyamaza

Anayekaa Mbweni upande wa baharini hahitaji kalenda ili ajue kipupwe kimefika ukingoni. Ana mivinje. Tangu Mei mpaka Agosti miti hii inalia usiku na mchana: kusi inapita katikati ya majani yake membamba kama nyuzi na kutoa ule mluzi ambao mgeni hudhani ni mvua inakuja. Mwenyeji ameuzoea mpaka hausikii tena. Halafu inafika alfajiri moja, mara nyingi mwishoni mwa Agosti au siku za mwanzo za Septemba, unaamka kabla ya adhana na unahisi kuna kitu kimepungua ndani ya nyumba. Unadhani friji limezimika. Unadhani umeme umekatika. Kumbe ni mivinje imenyamaza.

Nimeishi na vipimo vya hali ya hewa kwa miaka mingi, na katika kazi hii mtu hufundishwa kuamini namba kuliko masikio. Lakini kwa siku hii moja naamini masikio. Kila mwaka pia kuna mtu huniuliza swali lile lile: hivi sisi wa Dar es Salaam tuna majira ya machipuo kama wenzetu wa Ulaya, wale wanaosherehekea theluji ikiyeyuka? Jibu langu huwashangaza wengi. Tunayo, na yana jina la Kiswahili, tena zuri: demani. Ila machipuo yetu hayaletwi na joto. Yanaletwa na upepo kuchoka.

Tuanze na baridi yenyewe, maana bila baridi hakuna wa kumkaribisha mgeni. Mtu wa Makete akimwona kondakta wa daladala ya Bunju amevaa koti zito Julai, anacheka, na ana haki ya kucheka. Kwao asubuhi za Juni na Julai majani huwa meupe kwa sakitu. Hapa kwetu kipimajoto cha alfajiri ya Julai kinasoma nyuzi 18 au 19, na mchana kinarudi 28. Hiyo ndiyo baridi tunayoilalamikia. Lakini mwili haujui Makete, unajua Februari tu, usiku ule ambao kipimajoto kilikataa kushuka chini ya 25 na feni ikazunguka mpaka asubuhi. Tofauti ya nyuzi sita au saba kwa mtu aliyezoea joto si mchezo. Ongeza upepo. Hewa ya nyuzi 19 iliyotulia na hewa ya nyuzi 19 inayokuja kwa kasi kutoka baharini, juu ya ngozi yenye jasho la kupanda bodaboda, ni vitu viwili. Kwa hiyo dereva wa bodaboda wa njia ya Mbweni akikwambia Julai kuna baridi, usimpinge kwa kipimajoto.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye maneno. Shuleni tulikaririshwa majira manne ya Ulaya, na wafasiri wakalazimika kuyatafutia majina ya Kiswahili. Majira ya kuchipua wengine wakayaita masika. Majira ya majani kupukutika wakayaita vuli. Sasa angalia kilichotokea. Vuli yetu ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, wakati ambapo pwani yote inachipua. Neno moja, kule linaangusha majani, huku linayaotesha. Masika nayo, ambayo miezi yake inalingana na machipuo ya Ulaya, kwetu ndiyo mlango wa kuingilia baridini. Hata Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi, Union Version, katika sura ya pili ya Wimbo Ulio Bora, baridi ya Palestina iliyokwisha kupita imeitwa kaskazi. Kaskazi! Huo ni upepo wetu wa joto, upepo wa Januari, wakati mtu anapolala barazani kwa kukosa usingizi ndani. Siwalaumu wafasiri, walikuwa na kazi ngumu. Ninachosikitikia ni kwamba katika kuazima nguo za watu tulisahau kufungua kabati letu. Mwulize kijana wa Tegeta demani ni nini, wengi watakwambia ni jina la mtu.

Kabati letu lina nini? Lina masika, kipupwe, demani, vuli, kaskazi na kiangazi, na katikati yake lina maleleji, ambayo wengine huyaita tanga mbili, yaani siku ambazo upepo haujaamua unatoka wapi. Haya si majira ya joto na baridi. Ni majira ya upepo na mvua, kwa sababu karibu na ikweta jua halina tofauti kubwa ya kutupa. Mbweni iko takriban nyuzi sita na nusu kusini ya ikweta. Siku yetu fupi kuliko zote, mwezi Juni, ina saa 11 na dakika 44 za mwanga. Siku yetu ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, ina saa 12 na nusu. Tofauti ni kama dakika 46. London tofauti hiyo inazidi saa nane. Mzungu wa London akiona siku zinarefuka Machi ana sababu ya kufurahi. Sisi dakika 46 zinapita hata bila mwashaji wa taa kujua.

Kwa hiyo tuutazame upepo.

Upepo ni hewa inayotoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Ifikapo Julai, kusini ya Bahari ya Hindi, upande wa chini wa visiwa vya Mauritius na Réunion, hewa baridi imejazana na kulemea bahari. Wakati huo huo, huko Bara Arabu, Pakistan na India kaskazini, ardhi inaungua. Hewa juu yake inapanda na kuacha pengo. Pengo hilo linavuta hewa kutoka mbali ajabu, hata kutoka upande wetu wa ikweta. Ndiyo kusi. Inatufikia kutoka kusini mashariki, inapita juu ya Mafia, Kunduchi, Mbweni, Bagamoyo, Tanga. Ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia unaikunja kuelekea kulia, na inageuka kuwa upepo wa kusini magharibi unaoipelekea India mvua zake kubwa. Njiani, kwenye anga la Kenya na Somalia, kiasi cha kilomita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini, inajikusanya kuwa mkondo wenye kasi sana ambao mtaalamu aitwaye Findlater aliuandikia mwaka 1969. Mpaka leo wanasayansi wanauita kwa jina lake.

Upepo huu una kituo kimoja ninachopenda kuwaeleza watu. Sehemu ya hewa inayotikisa mivinje ya Mbweni huishia Dhofar, kusini ya Oman. Huko inapita juu ya bahari iliyopoa kwa maji yanayopanda kutoka vilindini, inabeba ukungu na manyunyu, na milima ya Salalah ambayo miezi mingine ni mikavu inageuka kijani kibichi kuanzia Juni mpaka Septemba. Waomani wanamiminika kutoka Muscat kwenda kuutazama ukijani huo, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Unguja na Pemba ambao Kiswahili chao hakijakauka. Msimu huo wanauita kharifu. Neno hilo kwa Kiarabu cha kawaida ni majira ya majani kupukutika! Kwa hiyo hatuko peke yetu katika mkanganyiko wa majina. Upepo ni ule ule: Mbweni unakausha nyasi, Salalah unaotesha.

Mwishoni mwa Agosti jua linakuwa njiani kurudi kusini. Ardhi ya Asia inaanza kupoa, pengo lake linapungua nguvu, na kamba iliyokuwa ikiivuta kusi inalegea. Kusi haikatiki kwa siku moja. Inakuja na kuondoka, inavuma mchana na kulala usiku, asubuhi inaupisha umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu wenye harufu ya majani. Huo mkia wa kusi, mpole, wenye anga safi, ndio demani. Mabaharia wana demani nyingine pia: kwenye jahazi, upande unaopokea upepo ni goshini, na upande wa pili, uliokingika, ni wa demani. Sina hakika kama neno lililoanza ni la majira au la chombo, lakini aliyewahi kukaa upande wa demani wa jahazi, miguu mikavu, huku wenzake wa goshini wanapigwa na mawimbi, ataelewa kwa nini jina hilo linawafaa Septemba na Oktoba.

Kuna maleleji mawili kwa mwaka, na si ndugu wa tabia moja. Ya Aprili yanatokea wakati bahari imechemka kwa miezi ya kaskazi na kufika nyuzi 29 au zaidi. Hayo ndiyo ya kuogopwa. Kimbunga kilichoivunja Unguja na mikarafuu yake kilipiga Aprili 1872. Kilichopiga Lindi kilikuwa Aprili 1952. Hidaya, kilichotukesha macho kikielekea Mafia, kilikuwa Mei 2024. Maleleji ya Septemba na Oktoba yanakuta bahari imepozwa na kusi, nyuzi 25 au 26 hivi, na kimbunga hakipati kuni za kuwashia moto wake.

Jua nalo lina siku yake, na kuna jambo ambalo mtu yeyote wa Mbweni anaweza kulishuhudia uani kwake bila chombo chochote. Tarehe 22 au 23 Septemba jua linavuka ikweta kuja upande wetu. Kwa Ulaya huo ni mwanzo wa kuelekea baridi, kwa nusu ya kusini ya dunia ndiyo siku rasmi ya machipuo. Linaendelea kuteremka, na kama siku 17 baadaye, tarehe 9 au 10 Oktoba, linapita wima juu ya Mbweni. Siku hiyo simamisha chupa juu ya sakafu iliyo sawa. Saa sita na dakika kama 11 mchana chupa haitakuwa na kivuli. Kitakuwa kimejificha chini yake chote. Litarudi juu yetu tena kama tarehe 3 Machi, likiwa safarini kwenda kaskazini.

Msomaji makini atauliza: kama jua liko utosini Oktoba, mbona joto kali linakuja Januari na Februari? Kwa sababu tunaishi kando ya bahari, na bahari ni kama sufuria kubwa la maji juu ya mkaa. Unauwasha moto sasa, maji yanachemka baadaye. Tena katikati mawingu ya vuli yanafunika jua. Oktoba bahari bado ina ubaridi wa kusi ndani yake, na hapo ndipo utamu wa demani ulipo: jua kali juu, bahari ya baridi ubavuni, upepo usio na hasira.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, na ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii. Makunduchi, kusini ya Unguja, kila mwaka katika wiki ya nne ya Julai watu hukoga mwaka. Wanaume wa pande mbili wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto na aliyemo ndani anachomoka, kinamama wanapita wakiimba, na chakula kinaliwa na kila apitaye. Jina lake la zamani ni Nairuzi, kutokana na Nauruzi ya Wajemi, yaani siku mpya. Nauruzi ya Iran ni siku ya kwanza ya machipuo, kama tarehe 21 Machi. Imekuwaje sherehe ya machipuo ikaangukia katikati ya kipupwe?

Jibu liko kwenye robo ya siku. Wenyeji wa pwani walihesabu mwaka wao kwa miongo: kila mwongo siku kumi, miongo 36, halafu siku tano za ziada. Jumla 365, bila mwaka mrefu. Kwa kalenda hiyo nahodha alijua mwongo gani bahari inafungwa, na mkulima alijua mwongo gani apande. Lakini mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Robo hiyo ikiachwa, Nairuzi inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ukirudi kinyumenyume kutoka 21 Machi, kupitia Februari, Januari, Desemba, mpaka wiki ya nne ya Julai, unapata siku kama 240. Zidisha kwa nne: takriban miaka elfu moja. Maana yake ni kwamba karne ya 11, hesabu hii ya mabaharia na machipuo ya Wajemi vilikuwa siku moja. Wajemi wenyewe waliliona tatizo, na mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, jopo la wanajimu ambalo Omar Khayyam alikuwamo likaifunga Nauruzi kwenye machipuo isicheze tena. Huku kwetu hesabu kavu ya siku 365 iliendelea na safari yake.

Fanya hesabu nyingine fupi. Kabla haijafika Julai, Nairuzi ilipita Agosti. Katikati ya karne ya 19, wakati Unguja inatawaliwa na masultani wa Omani na Dar es Salaam bado ni Mzizima ya wavuvi, Siku ya Mwaka iliangukia siku za mwisho za Agosti. Yaani wiki ile ile ambayo mivinje ya Mbweni inanyamaza. Kwa vizazi kadhaa vya mababu zetu, kukoga mwaka, kuzima moto wa zamani na kuwasha mpya, kulikutana na kusi kuchoka. Bahari inafunguka, mwaka unafunguka. Waliokaribisha machipuo kwa shangwe hawakuwa Wazungu na Wajemi peke yao. Baadaye kalenda iliendelea kuteleza na demani ikabaki bila sherehe. Nadhani ndivyo jina lake lilivyoanza kufifia, ingawa hilo ni wazo langu, si kipimo.

Wasiosahau demani ni miembe. Kabla ya Mradi wa Viwanja 20,000 wa miaka ya mwanzo ya 2000 kuleta mawe ya mipaka na kuta, eneo hili la Mbweni lilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, na bahati nzuri baadhi ya wenye viwanja waliiacha miti ya zamani isimame. Mwembe una hesabu yake. Baada ya masika unatoa matawi mapya, yanakomaa, halafu unasubiri. Unachosubiri mti huu ni usiku wa baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, kwa wiki kadhaa mfululizo, tena udongo ukiwa mkavu. Vikipatikana hivyo, vichomozo ambavyo vingekuwa majani vinageuka kuwa maua. Kipupwe kikiwa na joto au mvua zisizo na ratiba, mwembe unatoa majani mengi ya kupendeza na embe chache. Kwa hiyo zile alfajiri za nyuzi 18 tunazozinung'unikia ndizo zinazotupa dodo na boribo za Desemba.

Shada moja la maua ya mwembe linaweza kuwa na maua maelfu. Mengi ni ya kiume tu, na kati ya yanayoweza kuzaa, shada zima likifikisha embe mbili tatu sokoni ni bahati. Wachavushaji wakubwa ni nzi. Najua nzi hana mtetezi, lakini anayepulizia dawa ya wadudu mti wenye maua Agosti anafukuza mafundi wake mwenyewe. Adui wa kweli wa shada hilo ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, unaopenda usiku wa ubaridi wenye unyevu. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu kuliko mtu yeyote. Ndio maana Juni na Julai mashamba yao yananuka salfa. Wakifaulu kuuzuia, demani inawakuta mabibo yanaiva, na Oktoba minada inaanza.

Miti mingine inafuata mmoja mmoja. Misufi inapasua maganda yake na sufi inaelea mitaani, inaingia mpaka kwenye neti za madirisha. Mbuyu, ambao kipupwe kizima ulisimama uchi kama umekufa, unatoa majani kabla hata mvua haijanyesha. Haungoji kuhakikishiwa, unatumia maji uliyoyaweka kwenye shina. Maua yake yanafunguka jioni na wanaoyashughulikia ni popo. Mkrismasi ndio wa mwisho, mwekundu wote, Novemba na Desemba.

Ukitaka wageni, nenda kwenye matope ya mikoko, mdomoni mwa mto Mpiji, maji yakiwa yametoka. Mwishoni mwa Agosti wanaanza kuwasili vitwitwi, waliozaa watoto wao kwenye nyika za kaskazini kabisa, wengine Siberia. Yupo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, na ukimwona huhitaji kuuliza kwa nini chombo cha kuchimbia kina jina hilo hilo. Oktoba wanafuata mbayuwayu na keremkerem kutoka Ulaya, utawasikia angani kabla ya kuwaona. Hawa wote wanakimbia majani kupukutika huko kwao. Kwa hiyo ndege yule yule ambaye mtoto wa Ujerumani anamngoja Aprili kama ishara ya machipuo, mtoto wa Mbweni anaweza kumngoja Oktoba kwa sababu hiyo hiyo. Ndege huyo anaishi machipuo mawili kwa mwaka, na anayalipia kwa mabawa. Wakati wanapowasili, nyangumi wenye nundu waliokuja kuzalia mkondo wa Zanzibar tangu Julai wanajiandaa kurudi upande wa Antaktika.

Na bahari yenyewe? Katika kipupwe kuna siku ngalawa za Mbweni na Ununio hazivuki mwamba, na samaki wa Kunduchi wanapanda bei ipasavyo. Demani inaufungua mlango. Maji yanapoa hasira, yanakuwa maangavu, na wavuvi wanaweza kufuata jodari na nguru mbali zaidi. Bamvua la Septemba, lile linalokutana na siku na usiku kuwa sawa, huwa kubwa kuliko kawaida kwa sababu jua na mwezi vinavuta vikiwa karibu na mstari wa ikweta. Hapa kwetu maji ya bamvua hutoka yakafika chini kabisa kama saa nne asubuhi, wakati mzuri kwa kinamama wenye vijiti vyao vya kutafutia pweza. Mwamba unabaki wazi mbali mpaka unashangaa bahari imekwenda wapi. Mzee mmoja wa Teta, hapa hapa Mbweni, aliyevua toka enzi za matanga ya maturubai, niliwahi kumwuliza, "Shikamoo mzee, kusi imekwisha?" Akaitazama bahari, hakunitazama mimi. "Marahaba. Haijesha, mwanangu. Imechoka tu. Ukiipigia kelele itaamka." Wiki ile ile iliamka, siku mbili, ikang'oa mabati ya banda la chipsi.

Baada ya demani ni vuli, na hapa lazima niwe mkali kidogo, maana watu wa jiji huuchukulia utamu wa Oktoba kama haki yao. Mvua za vuli zinakuja pale ukanda mvua, ule mstari ambapo pepo za pande mbili za dunia zinakutana na kupanda juu, unapotupitia ukielekea kusini pamoja na jua. Unapita haraka kuliko Aprili, ndiyo maana vuli ni fupi na ina kigeugeu. Anayeamua ukubwa wake ni Bahari ya Hindi. Kuna miaka ambapo maji ya upande wetu yanakuwa ya moto kuliko kawaida na yale ya Indonesia yanapoa. Wataalamu walilipa jambo hilo jina mwaka 1999. Ikiwa hivyo, mawingu yanahamia kwetu: ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997, 2019 na 2023. Wenyeji huita kila mvua kubwa "Elnino", lakini mara nyingi mhusika yuko karibu zaidi, ni bahari hii hii tunayoogelea.

Mzani ukigeuka, vuli inakauka. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua mpaka jiji likaingia kwenye mgao wa maji, na Mbweni, ambayo inategemea mtambo wa Ruvu Chini kama jirani zake wa Bunju na Tegeta, ilihesabu madumu. Upande wa pili, waulize wenyeji wa Mabwepande, hapo nyuma yetu, wengi wao wamefikaje pale. Walihamishwa kutoka mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Ndiyo maana napenda Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa vuli yake, kwa kawaida ikiwa bado ni mwezi wa Agosti. Unatoka wakati mzuri: kusi bado inavuma, mfereji wa mbele ya nyumba bado mkavu, na fundi wa gata bado hana foleni ya wateja.

Kaskazi itashika Desemba. Mivinje italia tena, safari hii ikiinamia upande mwingine, na mluzi wake, nisingeweza kuapa mahakamani, huwa mwembamba zaidi. Kabla ya wakati huo kuna chupa ya kusimamisha uani. Nimekwisha taja siku ya Mbweni. Kwa ndugu walioko Lamu, jaribuni tarehe 28 Septemba. Mombasa, 3 Oktoba. Tanga, tarehe 5 au 6. Mtwara mtangoja mpaka 19 au 20 Oktoba. Saa sita na dakika chache mchana, sakafu iwe sawa kwa timazi, na msiruhusu watoto kulitazama jua. Watazame chini, kwenye chupa.